Mlinda Geti na Treni ya Pili

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Bado, alizaliwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika kota za reli, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa kibarua wa njia, mmoja wa wale waliokuwa wakikaza misumari na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yaliyooza. Mama yake alifua nguo za wafanyakazi wa stesheni. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba alijifungua wakati treni ya abiria inapita, na kwamba honi ndiyo iliyomshtua mtoto akatoka haraka. Miaka mingi baadaye, marehemu akiwa ameshaajiriwa na kuzijua ratiba zote, mpya na za zamani, alimweleza mama yake kwa heshima kwamba mwaka ule, siku za Jumatatu, hapakuwa na treni ya abiria asubuhi. Mama yake akamwambia, "Basi rudi ukazaliwe upya kwa ratiba yako."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza wala wa mwisho, ila hesabu alizipenda. Wakati wa uhai wake alisimulia mara nyingi jinsi mwalimu alivyowapa lile swali la treni mbili zinazoondoka stesheni mbili, moja huku na moja kule, wanafunzi waseme zitakutana saa ngapi. Wenzake walihangaika na kalamu. Yeye alinyoosha mkono akasema hazitakutana, kwa sababu reli ni moja, na ya pili lazima izuiliwe stesheni mpaka ya kwanza ifike. Alichapwa fimbo mbili kwa ujeuri. Alirudi kwenye dawati akiwa bado anaamini kwamba amepata.

Hakuendelea na masomo, maana mwaka huohuo baba yake aliangukiwa na kipande cha reli mguuni na hakuweza tena kazi nzito. Marehemu alibeba mizigo katika ghala la stesheni kwa miaka sita. Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa rasmi na shirika la reli, na baada ya mafunzo ya wiki sita na miaka miwili ya usaidizi, alikabidhiwa geti letu, mwezi Mei 1973. Alilishika kwa miaka thelathini na mmoja.

Waliozaliwa karibuni hawakulikuta geti lile, kwa hiyo ni vizuri lielezwe. Palikuwa na kibanda cha mabati, upana wake hatua tatu, ndani yake stuli, birika, bendera mbili na simu ya ukutani isiyokuwa na namba. Bwana stesheni akiizungusha kule, huku inalia. Marehemu aliipokea akiwa amesimama, hata kama hakuna anayemwona. Kisha alitoka, akazungusha mkono wa chuma, na mti wa geti ukashuka taratibu mpaka magari yakasimama. Treni ikipita, aliinyanyulia bendera ya kijani na kuhesabu mabehewa hadi la mwisho. Siku moja mkaguzi alimuuliza kwa nini anahesabu wakati si kazi yake. Alijibu kwamba treni iliyoingia na mabehewa ishirini na mawili lazima itoke nayo ishirini na mawili, la sivyo yaliyopungua yako mahali fulani yanamngoja mtu.

Alikuwa na tabia ya kuelezea. Waliosimama getini hawakuondoka bila somo. Aliwaeleza kwamba reli moja haiwezi kubeba treni mbili, na kwamba ya mizigo ya asubuhi ikishapita, hakuna treni nyingine itakayoruhusiwa kuingia kipande hiki mpaka ile ifike stesheni ya mbele na bwana stesheni wa kule apige simu. Hizo ni dakika ishirini na tano kamili. Mtu anaweza kwenda bombani, akajaza ndoo, akarudi, akakumbuka amesahau kifuniko, akarudi tena. Maneno yake yalikuwa ni haya: "Ikishapita, njia ni yenu."

Maneno hayo yalienea. Kina mama waliyasema kwa watoto wao, na watoto waliyasema kwa wageni. Shirika lilipojenga uzio wa waya mwaka 1987, na mtu asiyejulikana akautoboa palepale karibu na bomba, hatua mia tatu kutoka getini, marehemu alilitazama tundu lile kutoka kibandani kwake na akalinyamazia. Watu wa mtaa wa chini walikuwa na kila kitu ng'ambo: bomba, soko, shule, zahanati, na barabara yenyewe. Kuwazungusha hadi getini na kuwarudisha aliona ni kuwatesa bure, na yeye alijua kwamba wanajua. Katika miaka ishirini na mitano ya kwanza ya geti lake, kuanzia mwaka 1973 hadi 1998, hakuna hata mtu mmoja aliyegongwa, si getini wala tunduni. Alijivunia jambo hilo, na ilikuwa haki yake.

Mke wake alimpata kwenye geti hilohilo. Alikuwa mpishi wa shule ya ng'ambo, na asubuhi moja alifika amechelewa, mti umeshushwa, treni haijaonekana. Alimwomba amfungulie. Marehemu alikataa. Binti akamwambia watoto mia tatu wanangoja chakula. Marehemu akasema, "Dada yangu, treni haijui njaa."

"Na wewe je," binti akauliza, "unaijua?"

Kesho yake alimletea bakuli lenye kifuniko, akaliweka dirishani pa kibanda bila kusalimia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu: binti mkubwa, wa kiume, na binti wa mwisho. Nyumba yao ya vyumba viwili iko kwenye mstari wa kwanza wa mtaa wa chini, na ukifungua dirisha la nyuma unaona uzio.

Mwaka 1985 alikuja kuishi nao mdogo wa kike wa mkewe, ambaye watoto walimwita Mama Mdogo na majirani wakamwita Fundi. Alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la nyuma ili apate mwanga, na treni ikipita alinyanyua mguu kwenye kanyagio, maana mtikisiko ulipotosha mshono. Siku ya kwanza alipofika, na begi lake bado halijafunguliwa, marehemu alimchukua hadi kwenye uzio akamfundisha jinsi ya kuvuka. Simama hapa. Ngoja ya mizigo. Ikishapita, njia ni yenu. Mama Mdogo alikuwa mwoga wa treni, akamrudisha marehemu kwenye somo lilelile mara tatu, na akalishika kuliko mtu yeyote mtaani. Shemeji zake wengine walimtania kwamba hata mpunga unaota kabla yeye hajavuka.

Kisha ikaja reli ya pili. Ujenzi ulianza mwaka 1996, na njia ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Julai 1998, kwa hotuba na utepe. Marehemu alipewa mafunzo ya siku moja na simu ya pili ukutani. Kwenye geti hakukosea. Mti ulishuka kwa treni ya kwanza na ukabaki chini mpaka ya pili ipite, hata madereva walipopiga honi na kumtukana. Lakini hatua mia tatu kutoka hapo hapakuwa na mti wala simu. Pale palikuwa na maneno yake tu. Aliwaambia watu, kwa kadiri alivyowaona wakipita getini, kwamba sasa mambo yamebadilika. Waliitikia, wakaendelea na safari zao. Baadaye alisema kwamba alikosea kuwaambia kama habari. Alipaswa kuwaambia kama msiba.

Jumanne, tarehe 3 Novemba 1998, saa tatu kasorobo asubuhi, treni ya mizigo ilikuwa inashuka. Treni ya abiria iliyochelewa tangu jana yake ilikuwa inapanda kwenye njia ya pili. Mama Mdogo alifika tunduni na furushi la sare kumi na nane kichwani. Marehemu alimwona kutoka kibandani kwa kile kitambaa chake cha njano. Alisubiri vizuri. Alirudi nyuma hatua mbili upepo wa mabehewa ulipompiga, akashika furushi kwa mikono miwili, akangoja behewa la mwisho. Marehemu alipiga kelele, "Bado! Bado!" mpaka sauti ikamkauka, lakini mabehewa ya mizigo hayamruhusu mtu kusikika. Aliinua bendera nyekundu. Dereva wa treni ya abiria aliiona na akafunga breki, lakini treni si baiskeli. Behewa la mwisho lilipita. Mama Mdogo akavuka.

Wengi wenu mlidhani jina la Mzee Bado ni utani. Lilitoka siku ile.

Baada ya wiki mbili alikuja ofisa wa uchunguzi, mtu mpole mwenye fomu. Alikuwa amekwisha kuandika kwamba Mama Mdogo aliingia njia ya reli bila ruhusa, na alihitaji sahihi ya shahidi tu. Marehemu aliisoma fomu mara mbili, akaomba iongezwe sentensi moja, kwamba aliyegongwa alikuwa amefundishwa kuvuka hivyo, na aliyemfundisha ni mlinda geti. Ofisa alimshauri asijitafutie makubwa. Alimwambia pia kwamba kwenye fomu hapana nafasi ya maelezo ya namna hiyo. Marehemu akageuza karatasi, akaandika upande wa nyuma kwa mkono wake, akatia sahihi. Hakuna aliyemwita kumuuliza lolote mpaka anakufa.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika bombani akasema yaleyale kwa mdomo. Aliwaambia kwamba alichowafundisha kilikuwa kweli na sasa kinaua, na kwamba treni ikishapita njia si yao, wasubiri ya pili, waangalie huku na huku, na ikiwezekana wazunguke getini. Watu walimwonea huruma. Mama mmoja alimshika bega akamwambia ajikaze, ni ajali, isingeepukika. Ndilo jambo lililomuuma kuliko lawama.

Kuanzia siku hiyo marehemu alikuwa na kazi mbili, ya geti, na ya kufuta maneno yake. Alipita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya zamu, akiwa bado na koti la kazi. Walimkaribisha kiti, wakamsikiliza, wakamsindikiza hadi mlangoni. Kesho yake asubuhi aliwaona walewale kutoka kibandani wakitoka tunduni, ya mizigo ikishapita tu. Aliziba tundu kwa waya kila Jumamosi, na kila Jumatatu akalikuta wazi. Siku moja alimkuta jirani yake, fundi wa kuchomelea, akiukata waya huo mchana kweupe kwa koleo lake. Fundi hakukimbia. Alisema, "Mzee, shule ulitusomesha wewe. Sasa tumefaulu unatwambia mtihani umebadilika?" Waya uliokatwa ulikutwa baadaye uani kwa watu watatu tofauti, umeanikiwa nguo.

Aliandika barua kuomba daraja la waenda kwa miguu. Barua ya kwanza aliipeleka Januari 1999. Alipata majibu ya kushukuru. Mwaka 2002 kilikuja kibao chekundu, "Hatari, usipite," kikasimikwa sentimita chache kutoka tunduni. Wenye mizigo walikipenda, kwa sababu mtu aliweza kukiegemea huku akiinama kupita. Marehemu alicheka aliposimulia hilo, lakini alicheka peke yake.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2004. Miaka miwili baadaye geti lilifungiwa kengele, taa na mti unaojishusha wenyewe, kibanda kikabomolewa, na hakuna mtu aliyechukua nafasi yake. Yeye alihamishia stuli tunduni. Kila siku ya kazi, saa moja hadi saa nne asubuhi, alikaa pale na bendera yake nyekundu, ambayo shirika lilisahau kuidai. Treni ya kwanza ikipita aliinuka na kusema, "Bado." Wengine walisubiri, kwa adabu. Wengine walisema, "Shikamoo Mzee Bado," na kupita chini ya mkono wake. Vijana walimtania kwamba akioa tena bibi harusi atasubiri mpaka uzee. Alijibu kwamba heri bibi harusi mzee kuliko mjane mchanga. Mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo alimpa dakika kumi kila Jumatatu paredi ya asubuhi, na watoto walijifunza kuitikia kwa sauti moja. Mzee anauliza, "Ikishapita?" Watoto wanaitikia, "Bado ya pili!" Saa saba na nusu walirudi nyumbani kupitia tunduni, wakiimba hivyohivyo, huku wanavuka.

Haikuwa kwamba wote walikuwa wabishi. Ukweli ni kwamba asipokuwepo tu, mguu ulifanya ulichozoea. Kati ya mwaka 1998 na mwaka huu walikufa watu kumi na tisa kwenye kipande kile. Marehemu alihudhuria mazishi yote kumi na tisa, na kila mahali alikaa nyuma. Aliwakumbuka kwa kazi zao: muuza mkaa, mwalimu wa hesabu, msusi, mama na mwanawe waliokuwa wanawahi zahanati, yule fundi viatu aliyekuwa haoni vizuri. Kumi na wawili kati yao, alisema, walikuwa wamesubiri treni ya kwanza ipite. Walikufa kwa kutii.

Daraja lilijengwa mwaka 2011. Ni la chuma, zuri, lina ngazi hamsini na nane kila upande, na lilijengwa pale ambapo ardhi ilikuwa rahisi kuchimba, dakika kumi na tano za mwendo kutoka tunduni. Siku ya kulifungua marehemu alivaa suti yake ya harusi. Alipanda, akashuka, akarudi, akasema miguu imepata kazi. Wanaolitumia hadi leo ni wanafunzi wanaotaka kupiga picha. Mwenye ndoo kichwani hapandi ngazi hamsini na nane.

Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka na umechoka. Alipewa dawa na kukatazwa ngazi, na kwa hiyo daraja aliloliomba miaka kumi na mbili hakuweza tena kulipanda. Alikwenda kliniki kwa kuzunguka getini, akipumzika mara nne au tano njiani, akifika amechoka kuliko ugonjwa wenyewe. Mkewe alimsihi apite tunduni, wao wamshike mkono, waangalie kila upande. Alikataa. Alisema, "Nikipita mimi, nitamwambia nani tena?"

Miezi ya mwisho hakuweza kutoka. Alilazwa kwenye chumba cha nyuma, chini ya dirisha, pale ilipokuwa cherehani. Alisikiliza treni. Ya kwanza ikipita, mtu akiwa chumbani na kikombe au beseni, alimwona marehemu akinyanyua kidole kimoja juu ya shuka, na kukishusha tu ya pili ilipopita, au baada ya muda mrefu isipokuja. Kwa watoto wake aliomba jambo moja tu, na aliliomba zaidi ya mara moja: kwamba hata kama mtaa wote umeshindikana, iwepo nyumba moja inayosubiri. Binti yake mkubwa alimwahidi.

Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023, kiasi cha saa tatu asubuhi, alizidiwa. Midomo iligeuka rangi na hakuitika alipoitwa. Gari haliingii mtaa wa chini, vichochoro havina upana, kwa hiyo pikapu ya jirani ilisimama ng'ambo, barabarani. Walimlaza kwenye godoro. Mwanawe wa kiume alishika upande wa kichwa, fundi wa kuchomelea akashika pembeni, jirani mwingine upande wa pili, na binti mkubwa akashika miguuni. Kwenda getini ni hatua mia tatu, na hatua mia tatu nyingine kurudi lilipo gari, na saa hizo mti huweza kukaa chini robo saa. Hawakujadiliana. Walikwenda tunduni.

Treni ya mizigo ilikuwa inapita. Walisimama na godoro mikononi, upepo wa mabehewa ukipeperusha shuka. Behewa la mwisho lilipita. Fundi wa kuchomelea akasema, "Haya." Binti mkubwa akasema, "Twende." Walikanyaga kokoto za njia ya kwanza, wakavuka reli, wakakanyaga za njia ya pili, wakatoka. Hakuna aliyegeuza shingo. Si mwanawe, si fundi, si jirani, wala si yeye aliyeahidi. Walikumbuka wakiwa wameshamlaza kwenye gari.

Hakuna treni iliyokuja. Ndivyo inavyokuwa siku nyingi. Ndiyo sababu mzee hakuweza kutushinda.

Alizinduka hospitalini Jumanne mchana. Aliomba maji, akauliza ni siku gani. Kisha akamuuliza binti yake mkubwa, "Mlinipitisha wapi, mama?"

"Getini, baba."

"Mlisubiri?"

"Tulisubiri."

"Ya pili?"

"Ya pili, baba."

Alifumba macho. Binti alidhani amelala. Kisha alisema polepole, akitazama dari, "Unaona? Kumbe inawezekana."

Siku mbili alizobaki nazo alikuwa na furaha ambayo familia haikuwa imeiona tangu mwaka 1998. Alimweleza muuguzi. Alimweleza mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amevunjika nyonga na hakujua habari zozote za reli, kwamba watu wake walimbeba akiwa kama maiti na bado wakasubiri treni ya pili, na kwamba kama watu walio na mgonjwa mikononi wanaweza kusubiri, hakuna asiyeweza. Alitaka akitoka aende kuwasimulia wanafunzi. Binti yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akimenya chungwa, na aliendelea kulimenya.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka sabini na minne na miezi saba.

Mwanawe alipendekeza wasifu huu ueleze tu kwamba alikufa kwa amani, jambo ambalo pia ni kweli. Mama alikataa. Alisema mumewe aliandika la kwake nyuma ya fomu wakati hakuna aliyemlazimisha, basi na la nyumba hii lisomwe. Limesomwa. Halitarajiwi kubadilisha kitu. Juzi jioni, viti hivi mlivyokalia, turubai hili na sufuria za kupikia waombolezaji vilivushwa kupitia tunduni, na waliovibeba ni watu waliompenda. Treni ilipita, wakaingia njiani. Walikuwa na haraka ya kumfanyia heshima.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja mkubwa aliyeko hapa mbele, na mdogo wake wa mwisho wa kiume ambaye yuko safarini na hatawahi. Wazazi wake, ndugu zake watatu na shemeji yake, Mama Mdogo, walimtangulia.

Makaburi yako ng'ambo. Jeneza litapita getini, na familia italifuata. Tutafika getini kiasi cha saa nane na robo, na kwa ratiba alizotuachia zipo treni mbili. Tunawaomba mzunguke pamoja nasi, na tunajua wengi wenu mtatutangulia kaburini kwa njia ya mkato, na tutawakuta mmeshasimama pale mkitungoja.

Mungu ampokee mzee wetu, amruhusu apumzike.